Msumari Namba Arobaini na Moja

Barua ya jeshi ilimfikia Inspekta Chepchumba Alhamisi saa mbili asubuhi, na ilikuwa na adabu kuliko ujumbe wake. Ilisema kwamba Phelix Ooko, mchuma chai, ni mpiganaji wa adui. Ilisema kwamba adui hashtakiwi pamoja na wezi wa kuku. Kwa hiyo kesho yake, Ijumaa, saa tatu, mahakama ya Kericho ingeombwa imkabidhi kwa jeshi, akahukumiwe kambini na maafisa watatu, mlango ukiwa umefungwa.

Chepchumba aliisoma akiwa amesimama, akairudia akiwa ameketi, kisha akaiwekea kikombe cha chai juu. Miaka kumi na minne ya upolisi ilikuwa imemfundisha kwamba karatasi ikija na mihuri mitatu, aliyeiandika ana wasiwasi na jambo fulani ndani yake. Barua hii ilikuwa na mitatu.

"Ukimaliza kusoma utaniambia, niwashe gari," alisema Meja Kiplimo.

Meja alikuwa ameketi karibu na dirisha, kofia gotini, akitazama mvua nyembamba ya Julai ikilowesha uwanja wa kituo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Chepchumba zaidi. Mtu mbaya ni rahisi kumkatalia.

"Gari lipumzike," alisema Chepchumba. "Mpaka kesho saa tatu huyu ni mahabusu wangu. Nionyeshe mlicho nacho."

Vitu vililetwa mezani katika mfuko wa plastiki. Habari yenyewe ilijulikana mji mzima. Jumatano ya wiki iliyopita, lori la ng'ombe lilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi Mulot, barabara ya Bomet kwenda Narok. Watu wawili waliruka wakatokomea katika mahindi. Chini ya nyasi za ng'ombe zilikutwa bunduki tatu na koti la kijeshi, na ndani ya mfuko wa koti kipande, yaani kitambulisho, cha Phelix Ooko, umri miaka ishirini na saba, mzaliwa wa kando ya ziwa, mfanyakazi wa shamba la chai la Chebitet. Mwaka ule wa tisini na tano redio haikutaja kingine ila waasi waliosemekana kupiga kambi ng'ambo ya mpaka, na kila bunduki iliyookotwa ilitafutiwa mwasi wake. Phelix alikamatwa kesho yake katika laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, akiwa anakula ugali.

"Koti la jeshi," Meja alihesabu kwa vidole. "Mafuta ya bunduki kwenye mkono wa koti. Kipande chake mfukoni. Kisu cha kivita chini ya kitanda chake. Ulitaka aje na bendera?"

"Nilitaka aje na wakili."

"Raia akishika bunduki dhidi ya nchi yake, amejivua uraia mwenyewe."

"Na nani amesema ameishika?"

"Ndilo tutakalomuuliza kambini."

"Mtamuuliza mkiwa mmeshamwita adui. Hiyo posa inapelekwa arusi ikiwa imeshaliwa, Meja."

Meja aligeuza kofia yake gotini. "Mwezi wa tano nilizika vijana wawili pale mpakani. Mmoja alikuwa hajafika miaka ishirini na mbili. Wao hawakupewa wakili."

"Pole," alisema Chepchumba, na alimaanisha. "Lakini neno hilo adui tumelitumia hapa kwetu mwaka wa tisini na mbili, jirani kwa jirani. Hakuna aliyesimama kuuliza ushahidi. Mimi niliokota maiti barabara ya Sondu. Sitalitumia tena kabla ya kuuliza."

Alivuta koti. Doa la mafuta lilikuwa kwenye mkono wa kushoto peke yake, mstari mweusi kutoka kifundo hadi kiwiko, upande wa juu, kana kwamba mtu alikuwa na desturi ya kulaza kitu pale. Alilinusa. Alikuwa amesafisha bunduki za kutosha maishani kujua harufu ya mafuta yake. Haya yalikuwa mazito na ya kuungua, oili chafu iliyotolewa kwenye injini.

Kisha akachukua kisu. Kilikuwa kirefu, kimepinda mbele, chenye makali upande wa ndani. Kwenye mpini wa mti mtu alikuwa amechoma namba kwa chuma cha moto: 41.

"Hiki mmekiandika nini?"

"Kisu cha kivita, kimoja."

"Na namba?"

"Silaha za jeshi lolote huwa na namba."

Babake Chepchumba alikuwa amepogoa chai miaka kumi na tisa, na kisu kama hiki kilikuwa kikilala juu ya kabati la mamake kila Julai ya utoto wake. Alikirudisha mezani polepole, akamwomba Meja aendelee na chai yake, kwa kuwa alikuwa na mzee wa kuzungumza naye nje.

*

Mzee Johana alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, kofia ya sufu mkononi, viatu vya plastiki vikiwa na matope ya Mulot. Yeye ndiye shahidi aliyeona mmoja wa watu wale akikimbia kupitia shamba lake la mahindi. Taarifa yake ilikuwa na mistari minne na alama ya dole gumba.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising, mama."

"Hapa umesema uliona Mjaluo mrefu akikimbia. Ulikuwa mbali kiasi gani?"

"Kama hapa na lile geti. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Uso uliuona?"

Mzee alitazama kofia yake. "Niliona mgongo."

"Mgongo una kabila, mzee?"

Johana alitaka kucheka, akaona haifai. "Walisoma kipande mbele yetu pale barabarani. Jina lilikuwa la Mjaluo. Basi nikajua ndiye huyo niliona."

"Kabla hawajasoma ulikuwa unajua?"

"Kabla hawajasoma nilikuwa najua tu mahindi yangu yamevunjwa."

Chepchumba aliketi kando yake kwenye benchi. Aliona kuna kitu kingine kimemkaa mzee kooni, na kitu cha kooni hakitoki kwa kusukumwa. Alisubiri.

"Alianguka kwa mtaro," Johana alisema hatimaye. "Ule mtaro wa maji, una mawe. Aliumia mguu. Akaita mamake."

"Kwa lugha gani?"

"Yetu."

"Kipsigis."

"Kabisa. Hata mimi nikashtuka."

"Na hukusema?"

"Nani aliniuliza? Waliniuliza kama ni huyu wa kipande. Na mimi..." Mzee alishusha sauti. "Mama, mtu hapendi kuleta mtoto wa kwao polisi. Nikajiambia, labda ni Mjaluo amesoma lugha yetu. Wako wengi wanaongea."

"Wako. Lakini mtu akivunjika mguu haiti mamake kwa lugha ya kujifunza."

Johana alivaa kofia yake, tayari kwa jambo.

"Nikibadilisha hiyo maneno kesho mbele ya hakimu, nitafungwa?"

"Ukisema ulivyoona, utarudi Mulot kukagua mahindi yako."

"Basi nitakuja," alisema. "Sijalala vizuri hii wiki."

*

Phelix Ooko alikuwa mwembamba kuliko picha yake ya kipande. Kambini alikuwa amehojiwa siku tatu kabla ya kurudishwa kituoni, na alikuwa amejifunza kujibu bila kuinua kichwa. Nje ya geti mkewe, Apiyo, alikuwa amekaa juu ya jiwe na bakuli la chakula lililofungwa kwa leso. Askari wa zamu alisema anakuja kila siku, na kila siku anauliza jambo moja tu, kama mumewe bado yuko Kericho. Maadamu yuko Kericho, alikuwa amemwambia askari, ana mahali pa kuleta chakula.

"Hiki kisu ni chako?" Chepchumba aliuliza.

"Hapana, afande. Ni ya kampuni."

"Ulikichukua lini?"

"Tarehe ishirini na sita mwezi wa sita. Tulipoanza kupogoa blok ya chini."

"Ukakirudisha lini?"

"Sijarudisha. Kazi haijaisha. Mlikuja mkaitoa chini ya kitanda, mko nayo nyinyi."

Chepchumba aliinama mbele. Alianza sentensi ambayo alikuwa hajaisikia tangu babake afariki. "Kisu na kipande..."

Phelix aliinua kichwa, mara ya kwanza tangu alipoingia.

"...havilali nyumba moja," alimalizia. "Afande, wewe ni wa chai?"

"Nimezaliwa laini. Niambie utaratibu wa Chebitet, kama ulivyo."

Utaratibu ulikuwa ule ule wa miaka yote. Kisu cha kupogoa ni kikali na kinapotea upesi, kwa kuwa kila mtu anakitaka nyumbani kwa kukatia nyasi za ng'ombe. Kwa hiyo anayechukua kisu anaacha kipande chake stoo. Kipande kinatundikwa kwenye msumari wa kisu kile, na hakitoki mpaka mwenyewe amalize sehemu yake ya kupogoa na kurudisha kisu.

"Kwa hivyo tangu tarehe ishirini na sita hujashika kipande chako."

"Hata kukiona sijakiona. Wakanionyesha kambini. Nikashangaa, hiki kimefikaje hapa?"

"Na hukuwaambia?"

"Waliuliza kama ni changu. Nikasema ni changu. Nikitaka kuendelea naambiwa jibu ulichoulizwa." Phelix alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Afande, wakinipeleka huko kesho, nani atauliza hiyo swali yako?"

Chepchumba alilijua jibu. Alisimama akaagiza gari.

*

Chebitet ilikuwa nusu saa kutoka mjini, upande wa kwenda Kabianga. Blok ya chini ilikuwa imeshapogolewa, mashina matupu yamejipanga hadi mtoni, na akina mama walikuwa wakifunga matita ya matawi ya kuni. Juu zaidi wanaume bado walikuwa kazini, migongo imeinama, visu vinang'aa na kuzimika. Chepchumba alifika stoo saa tisa na robo. Kazi ilikuwa inafungwa saa tisa na nusu, na alitaka kumwona mwenye stoo akipokea visu.

Mwenye stoo aliitwa Kipkoech, Mkipsigis wa Sosiot, miaka arobaini hivi, mchangamfu, mwimba besi wa kanisani kwao. Alimkaribisha kwa kiti na kukifuta vumbi.

"Karibu, dada. Mmekuja kwa ile mambo ya Ooko? Sisi hapa tumeshtuka. Mtu unakaa naye, kumbe."

"Kumbe," alisema Chepchumba. "Nilikuwa napita kuona visu."

Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa ubao wa misumari, namba moja hadi sitini. Kwenye misumari michache kulikuwa na visu. Mingine ilikuwa na vipande, kila kimoja katika kijifuko cha nailoni chenye tundu. Ubao wa namna hiyo haufichi kitu. Msumari una kisu au una kipande, na mwenye macho anausoma kama saa ya ukutani. Chepchumba aliusoma mstari kwa mstari bila haraka. Thelathini na tisa, kipande. Arobaini, kipande. Arobaini na mbili, kisu.

Arobaini na moja ilikuwa tupu.

Wapogoaji waliomaliza sehemu zao walikuwa wameanza kuingia. Kila mmoja alitoa kisu, Kipkoech akakilaza juu ya mkono wake wa kushoto, akapitisha kitambaa chenye oili chafu kutoka mpinini hadi nchani, akakitundika na kumrudishia mtu kipande chake. Aliwafanyia watu kumi na wawili hivyo bila kuutazama mkono wake. Sweta aliyovaa ilikuwa mpya, ya bluu, na juu ya mkono wa kushoto tayari ilikuwa na mstari mweusi kutoka kifundo hadi kiwiko. Alipokuwa akienda ubaoni na kurudi alikuwa akiuburuta mguu wa kulia.

"Mguu una nini?" Chepchumba aliuliza mtu wa mwisho alipotoka.

"Uliteguka. Ngazi hii ya stoo, dada, itatuua."

"Pole. Msumari wa arobaini na moja una nini?"

Kipkoech aligeuka kuutazama kama mtu anayeonyeshwa nyoka. "Huo ni wa Ooko."

"Najua. Kisu kiko wapi?"

"Si alirudisha? Alirudisha, akachukua kipande yake. Jumanne. Siku moja kabla ya hiyo lori."

"Kisu kilichorudishwa kinatundikwa hapo. Hakipo."

"Basi aliiba tena. Mtu kama huyo."

"Tulikitoa chini ya kitanda chake. Kama alikiiba, uliripoti kwa nyapara?"

"Nilisahau."

"Visu sitini, misumari sitini, umesahau kimoja kwa siku tisa." Chepchumba alisimama. "Koti lako la baridi liko wapi?"

"Sina koti, dada."

"Nyuma ya mlango kuna msumari mwingine, hauna namba. Ukuta umechafuka oili pale mkono wa kushoto unapogusa. Kitu kimening'inia hapo miaka. Kiko wapi?"

Kipkoech aliketi juu ya gunia la mbolea. Uchangamfu ulimtoka wote mara moja, akabaki mtu mzima aliyechoka. Chepchumba alimwambia asiongee upesi. Kwamba lolote atakalosema litaandikwa na kusomwa kortini. Kwamba anaweza kunyamaza. Maneno hayo aliyasema kwa sauti tulivu aliyolazimika kuitafuta, kwa maana moyoni alitamani kumzaba kofi.

"Zile bunduki si za waasi," Kipkoech alisema. "Ni za watu wa kuiba ng'ombe huko chini. Mimi nilikuwa napeleka tu, na koti nilinunua mtumba. Waasi siwajui, dada, haki ya Mungu."

"Na kipande?"

"Kwa kizuizi wanaandika majina ya watu walio kwa lori. Sikutaka yangu iandikwe."

"Ubaoni kuna vipande vingapi. Kwa nini chake?"

Kipkoech alijibu akitazama sakafu, na Chepchumba alikuja kulikumbuka jibu hilo kuliko mengine yote ya kesi ile.

"Nilitafuta jina ambalo ikipatikana, hakuna mtu angebisha."

Alimfunga pingu mwenyewe. Nje, wapogoaji walisimama wakatazama, Wakipsigis na Wajaluo, visu vyao vikiwa tayari ukutani na vipande vyao mifukoni.

*

Ijumaa saa tatu mahakama ilijaa. Hakimu, mama wa miwani minene aliyejulikana kwa kutopenda maneno mengi, alimsikiliza mzee Johana akisema alichoona ni mgongo, na alichosikia ni mtu kumwita mamake kwa Kipsigis. Alisikiliza habari ya ubao wa misumari. Aliomba kisu, akakigeuza, akasoma namba, akamtazama Meja Kiplimo juu ya miwani.

"Hiki ndicho kisu cha kivita?"

"Ndivyo tulivyoelewa, Mheshimiwa."

"Nina vinne kama hiki nyumbani."

Watu walicheka, naye akawaacha wacheke kidogo. Mwendesha mashtaka aliondoa shtaka dhidi ya Phelix Ooko. Phelix alifunguliwa pingu na kuambiwa ashuke kizimbani, naye hakushuka mpaka askari alipomshika bega, kwa kuwa hakuamini kwamba ngazi ile ilikuwa yake. Apiyo alikuwa amesimama kwenye benchi la nyuma, mikono imefunika mdomo. Kipkoech alipandishwa mahali pale pale. Wawili hao walipitana kwenye ngazi bila kutazamana.

Ndipo Meja alipoinuka.

"Mheshimiwa, sasa hatubahatishi tena. Huyu amekiri silaha. Koti ni lake. Bunduki tatu za vita kwenye lori, na nchi iko katika hali tunayoijua. Tunaomba yeye ndiye akabidhiwe."

Hakuna aliyeguna. Hata upande wa Wajaluo, hata kwenye benchi la wapogoaji, watu walionekana kufikiri kwamba hilo nalo ni sawa. Huyu ni mwenyewe, basi mwacheni aende. Hakimu alimgeukia Chepchumba.

"Wewe ndiye mpelelezi. Una pingamizi?"

Chepchumba alisimama. Alimwona Phelix kando ya Apiyo, akisugua vifundo vya mikono. Jibu la jana pale stoo lilimrudia, akahisi hasira ile ile ikipanda. Kwa sekunde chache alitamani sana kuketi bila kusema kitu.

"Mheshimiwa, jana mchana mtu huyu ningempa Meja kwa mikono yangu miwili. Ndiyo maana sitaki iwe ni mimi wa kuamua, wala Meja." Alivuta pumzi. "Jana asubuhi tulikuwa na uhakika hivi hivi juu ya mtu mwingine. Uhakika ule ungefika kambini, leo tusingekuwa hapa. Alichofanya Kipkoech ni kosa kubwa na nitaleta ushahidi wote. Lakini hajaapa kiapo cha jeshi. Ni raia. Kama kweli ni adui, hilo lenyewe ndilo swali, na lijibiwe hapa, mlango ukiwa wazi, na mtu wa kumtetea."

Hakimu aliandika kwa muda. Kalamu yake ilisikika.

"Sheria ya jeshi ni ya wanajeshi," alisema bila kuinua kichwa. "Mtu hahamishwi mahakama kwa sababu ya jina aliloitwa. Raia akikosa, hata akikosa vibaya sana, mlango wake ni huu. Maombi yamekataliwa. Mshtakiwa atafutiwe wakili. Kesi itatajwa tarehe kumi na moja."

Kipkoech, aliyekuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili, alianza kulia kimya kimya.

Nje, mvua ilikuwa imekatika. Meja Kiplimo alimkuta Chepchumba kwenye veranda ya mahakama, akasimama kando yake bila kuvaa kofia.

"Mimi bado nadhani kuna siku sheria hii itatuchelewesha," alisema.

"Huenda."

"Ile namba ya kisu. Nilidhani ni ya kikosi."

"Ungeniuliza, Meja. Babangu alikuwa namba kumi na saba."

Meja alitikisa kichwa, na safari hii alitabasamu. Alivuka uwanja, akasimama mbele ya Phelix na Apiyo, akasema maneno ambayo Chepchumba hakuyasikia. Aliona tu Phelix akisita, kisha akitoa mkono.

Baadaye Phelix mwenyewe alipanda veranda, Apiyo nyuma yake na bakuli lake, leo likiwa tupu.

"Afande, asante. Lakini iko shida."

"Shida gani tena?"

"Kisu iko kortini. Kipande iko kortini. Wanasema hazitoki mpaka kesi ya Kipkoech iishe. Jumatatu nikienda kazi, nyapara ataniuliza. Msumari wangu uko tupu."

Chepchumba alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. Mtu aliyekuwa akingoja kitanzi juzi leo alikuwa na wasiwasi wa Jumatatu, na jambo hilo lilimfurahisha Chepchumba kiasi cha kumfanya ageuze uso kidogo. Aliingia ofisi ya karani wa mahakama, akaomba karatasi, akaandika akiwa amesimama:

*Kisu namba 41 na kipande cha Phelix Ooko, raia wa Kenya, viko chini ya ulinzi wa mahakama ya Kericho. Vitarudi.*

Aliweka sahihi. Karani alimsogezea kisanduku chenye mihuri yote ya ofisi, achague. Chepchumba alipiga mmoja tu. Kisha akatoboa tundu juu ya karatasi kwa ncha ya kalamu, ipate kutundikwa, akampa mwenyewe.